Umeanguka sehemu moja ya mtihani wa udereva: la kufanya kabla ya kurudia

Usiondoke kituoni bila karatasi ya mtahini. Ipitie naye mstari kwa mstari, umwulize kila kosa lilitokea wapi: kona ipi, koni ipi. Ukingoja hadi jioni utakumbuka lile lililokuaibisha tu, na mara nyingi silo lililokuangusha. Injini kuzimika mara moja kwa kawaida ni kosa dogo. Gari kuserereka nyuma kuelekea lililo nyuma yako ni jambo jingine kabisa.

Kisha uliza kama sehemu uliyofaulu inahesabika. Kanuni hutofautiana. Uingereza, mtihani wa gari dogo hurudiwa wote, baada ya siku zisizopungua 10 za kazi. Pikipiki huko ina sehemu mbili, kiwanjani kwanza, halafu barabarani. Ukianguka barabarani, ya kiwanjani hairudiwi. Ila zote mbili lazima zikamilike ndani ya miaka 2 tangu ufaulu nadharia, la sivyo unaanza upya. Basi andika tarehe ambayo leseni yako ya mwanafunzi inaisha na ile ya matokeo ya nadharia, ndipo uchague siku ya kurudia. Foleni ya kusubiri nafasi ndiyo inayowaponza wengi.

Ukianguka kwenye rivasi, shuku mwendo kabla ya kushuku usukani. Gari likirudi upesi kuliko mtu anayetembea polepole, mikono haiwahi. Lishike kwa klachi, mguu mwingine ukiwa tayari kwenye breki, na ukipotea simama, tazama pande zote, ndipo urekebishe. Tena achana na kukariri alama za aina ya “koni ya pili ikitokea kiooni, kata usukani wote”. Kiti kikisogezwa kidogo au gari likibadilishwa, alama hiyo haina kazi. Jizoeze kutazama nafasi kati ya tairi la nyuma na mstari.

Mlimani, kosa ni mpangilio. Breki ya mkono ikiachiwa kabla klachi haijashika, gari litarudi tu. Ongeza mafuta kidogo, inua klachi taratibu hadi pua ya gari inyanyuke na mlio wa injini ushuke, tuliza mguu hapo, ndipo uachie breki.

Barabarani wengi huangushwa na vioo. Si kwamba hawatazami. Wanatazama wakiwa wameshaanza kuhama. Kioo, indiketa, sehemu pofu (ile ambayo vioo havionyeshi) kwa kutazama juu ya bega, ndipo usukani.

Kama kanuni zinaruhusu, rudia kwa gari lilelile ulilofanyia mazoezi. Asubuhi hiyo kagua taa zote, indiketa na upepo wa matairi, maana gari bovu linaweza kukataliwa kabla hujawasha injini.