Namna ya kufanya stafu ya kesi yenye inafundisha asistanti kweli

Huku Bukavu hopitali nyingi zenye ziko na maasistanti (madaktari wenye bado wanajifunza utaalamu) zinafanya stafu, ni kusema mkutano wa madaktari, ya asubuhi: watu wa gadi wanasoma dosiye mbio mbio, shefu anasahihisha, kisha kila mtu anakimbilia salle yake. Hiyo ni ya kupashana habari na inahitajika, lakini mimi naongelea stafu ya kesi, mara moja kwa wiki, mugonjwa mmoja tu, saa moja nzima, watu wote wanafikiri pamoja. Na kitu kikubwa ndani yake ni hiki: jibu lifichwe mpaka mwisho. Ukifungua mdomo na kusema "leo tuko na kesi ya moyo" basi somo limekufa, juu kila alama inaonekana wazi ukishajua mwisho wake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900 Walter Cannon, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari kule Harvard, aliona rafiki mwenye alikuwa anaishi naye, wa sheria, anasoma kwa kubishana juu ya kesi za kweli wakati yeye anasikiliza kozi saa na saa, akaandika kwamba udaktari nao ufundishwe hivyo. Daktari Richard Cabot akaifanyisha kazi Boston, na pale mtu wa patolojia ndiye anakuja mwisho kusema walichokuta kwenye maiti. Kwetu otopsi, kupasua maiti ili kujua ugonjwa, ni ngumu, familia inataka kuzika ndugu yao, kwa hiyo uchague kesi yenye jibu lake mulilipata kwa njia ingine.

Kuchagua kesi njo kazi ya kwanza na watu wengi wanakosea hapo, wanatafuta ugonjwa wenye hata shefu hajauona. Hapana. Tafuta ugonjwa wa kawaida wenye tulichelewa kuuona. Nitatoa mfano wa kesi moja yenye nilifanya na maasistanti wangu: mama, wiki tatu kisha kuzaa, anakohoa, anahema, amepata antibiotiki mara mbili, na sasa watu wanaanza kuongea kifua kikuu.

Kata hadithi vipande vine na usitoe cha pili mbele ya cha kwanza kumalizika. Kipande cha kwanza ni maneno ya mugonjwa tu, vile alivyoyasema siku ile. Simama hapo, uliza: "Ungemuuliza nini tena?" Na wastajieri (wanafunzi wa udaktari wenye wako kwenye staji) waongee kwanza, kisha maasistanti, shefu wa mwisho kabisa. Hii usiilegeze hata kama shefu anakunja uso, juu akishasema mzee hakuna mtoto atasema kingine. Siku ile ni mstajieri mmoja mwenye anaongeaga pole pole sana mwenye aliuliza: "Usiku huyu mama analala namna gani?" Salle ikanyamaza. Alikuwa analala amekaa, ameegemea ukuta, na katika dosiye yote hakuna mtu aliyekuwa ameandika.

Kipande cha pili ni kumupima: miguu imevimba, mishipa ya shingo imejaa. Mtu mmoja aandike kwenye tablo magonjwa yote yenye watu wanafikiria, na mbele ya kila moja kile kinachounga mkono na kile kinachopinga. Usifute kitu, watu waone namna mawazo yanageuka.

Cha tatu ni mitihani, na hapa ukae muda, tena sana. Kwetu mugonjwa analipa mwenyewe, kwa hiyo kila mwenye kuomba mtihani ajibu: ukitoka chanya utafanya nini, ukitoka hasi utafanya nini? Kama majibu ni yale yale, mtihani unafutwa. Widal, kwa mfano, mtihani wa damu wa kutafuta tifoidi, tunaiomba kila homa na inatudanganya mara nyingi. Yule mama, radio ya kifua ilionyesha moyo mkubwa, kisha eko ya moyo ikatoa frakshoni (sehemu ya damu yenye moyo unasukuma inje kila pigo) chini ya 45%, ni ule moyo wenye unachoka mwisho wa mimba ao katika miezi ya kwanza kisha kuzaa, na njo maana alikuwa analala amekaa. Jibu ulitoe baada ya kila asistanti kuandika lake kwenye karatasi, hata bila jina.

Cha nne: tulikwama wapi? Uliza "nini kilitufanya tufikiri nimonia", usiulize "nani alifikiri nimonia". Kama mtu anaanza kutafuta mwenye kosa, mwenye kuongoza akate hapo hapo, kwa upole lakini akate, juu asistanti mwenye ameaibishwa mbele ya wastajieri wiki ijayo ataleta kesi nzuri nzuri tu, zenye hakukosea.

Jina la mugonjwa, kartie, parokia, vyote vitoke. Bukavu watu wanajuana.

Mbele ya kuachana muandike kitu kimoja tu chenye kinabadilika kwenye servisi na mtu wa kukifuata. Sisi tuliongeza kwenye fishi ya mama wote waliozaa swali la namna wanalala usiku, na siku ile ile tukamupa yule mstajieri kesi ya wiki mbili zijazo ili apate muda wa kuitayarisha pamoja na asistanti wake.