Masikio yanavuma na kuuma, miguu inawaka: namna ya kuishi na vyote pamoja

Mtu ambaye neva zake, yaani mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, zimeharibika, akianza kusikia mruzi sikioni au kuumwa sikio, mara nyingi huambiwa ni neva zilezile. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo likipokelewa haraka mno, nta iliyoziba sikio, jino bovu au dawa inayodhuru sikio huachwa iendelee na kazi yake. Na hata vyanzo vikiwa tofauti kabisa, matatizo haya hukutana katika mwili mmoja: dawa ya hili huchochea lile, ganzi ya vidole hufanya kutia matone sikioni kuwe na hatari yake, na usiku yote huamka kwa pamoja.

Mambo yasiyosubiri

Usikivu ukipotea ghafla, au ukishuka ndani ya siku tatu, hasa katika sikio moja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa mapema, na wiki mbili zikishapita nafasi ya kuponya huwa finyu. Wengi hupoteza siku hizo wakidhani ni nta au mafua. Kuna jaribio dogo la kufanya kabla ya kutoka nyumbani: funga mdomo ugune "mmm" kwa sauti nzito. Sikio lililozibwa na nta au majimaji husikia mguno huo kwa nguvu zaidi. Mguno ukihamia kwenye sikio lile linalosikia vizuri, shaka inaelekea kwenye neva. Jaribio hili linakupa la kumwambia daktari, wala halikuruhusu kubaki nyumbani.

Malengelenge madogo kwenye sikio au ndani ya mfereji wake, pamoja na uso kulegea upande mmoja, ni kazi ya virusi vya tetekuwanga vilivyolala kwenye neva tangu zamani. Dawa zinapaswa kuanza ndani ya saa 72.

Mwenye kisukari awe macho zaidi. Maumivu makali ya sikio yanayozidi usiku, usaha, na sikio ambalo limetibiwa kwa matone lakini halipoi, vinaweza kuwa maambukizi yanayokula hadi mfupa wa fuvu. Kwa kawaida husababishwa na bakteria aitwaye Pseudomonas, na hutibiwa kwa antibiotiki za wiki nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kisukari asikubali sikio lake lipigwe maji kwa bomba la sindano bila daktari kujua hali yake.

Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo hauingii kwenye kundi la mivumo ya kawaida. Unahitaji uchunguzi wa mishipa ya damu, mara nyingi kwa picha. Ukija pamoja na kichwa kuuma vibaya, kuona kwa ukungu au udhaifu wa upande mmoja, ni dharura.

Maumivu yanatoka wapi hasa

Sikio lina neva nyingi kuliko ukubwa wake. Neva nne za kichwani hulifikia, pamoja na matawi ya neva ya pili na ya tatu ya shingo. Ndiyo maana jino, taya, koo au shingo vinaweza kuumiza sikio ambalo lenyewe halina kasoro yoyote. Daktari akilitazama na kusema "ni safi", hajamaanisha kwamba unajitungia maumivu. Amekupa taarifa kwamba utafutaji uhamie kwingine.

Anza na sikio lenyewe. Vuta sikio kwa nje taratibu, kisha bonyeza kinundu kilicho mbele ya tundu. Maumivu yakiongezeka, huenda tatizo liko kwenye mfereji.

Halafu taya. Weka ncha za vidole mbele ya masikio, fungua na kufunga mdomo. Mlio wa kuteguka, maumivu unapotafuna, au taya kuwa nzito asubuhi, vyote vinaelekeza kwenye kiungo cha taya. Uma meno kwa sekunde tano, kisha sukuma taya mbele, kisha geuza kichwa huku ukikizuia kwa kiganja. Kama mvumo unabadilika kwa lolote kati ya hayo, taya au shingo inahusika, na hii ni habari njema kwa sababu misuli inatibika: meno yasigusane mchana, ulimi ukae juu kwenye paa la kinywa, hakuna kutafuna chingamu, chakula kiwe laini kwa wiki mbili au tatu. Wapo wanaosaga meno usiku bila kujijua.

Maumivu ya neva ya sikio yana sura yake. Huja kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, kisha yanaondoka. Yakichochewa na kumeza, kukohoa au kuongea na kuchoma kuanzia koo hadi sikio, mweleze daktari hasa kama umewahi kuzirai wakati huo, kwa kuwa neva hiyo inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Ngozi ya nyuma ya sikio inayouma hata ukichana nywele huelekeza kwenye neva za shingo. Kuwaka na kuchomachoma kwa muda mrefu kama kule kwa miguuni, katika masikio yote mawili, kunatokea, lakini kukubalike baada ya mengine kuondolewa.

Maumivu ya sikio moja yanayozidi wiki tatu huku sikio likiwa safi, na sauti imekwaruza, au kumeza kumekuwa kugumu, au kuna uvimbe shingoni: omba koo litazamwe kwa kamera. Kwa mvutaji sigara hili halijadiliwi.

Kikapu cha dawa

Andika kila unachomeza, pamoja na vitamini na dawa za mitishamba, kisha mpelekee mfamasia au daktari na swali moja: ipi inagusa sikio, ipi inagusa neva?

Zinazojulikana kwa sikio ni sindano za antibiotiki za kundi la gentamisini, amikasini na streptomaisini, ambazo madhara yake huweza kubaki daima. Aspirini ya dozi kubwa huleta mruzi ambao kwa kawaida hutoweka dozi ikipunguzwa. Kwinini huvumisha masikio. Furosemidi, dawa ya kukojosha, ya dozi kubwa, hasa kwa sindano na figo zikiwa dhaifu, nayo imo. Kwa neva kuna isoniazidi ya kifua kikuu inapotolewa bila vitamini B6, metronidazoli ikitumika kwa muda mrefu, na baadhi ya dawa za saratani. Sisplatini, mojawapo ya hizo za saratani, hupiga kotekote, sikio na neva. Metformini ya kisukari haiharibu neva moja kwa moja, ila hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya kisukari. Anayeitumia kwa miaka apimwe B12.

Mtego mkubwa upo kwenye vitamini zenyewe. Vidonge vingi vya vitamini B vinavyouzwa "kwa ajili ya neva" vina miligramu 100 au 200 za B6 kimoja, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama miligramu 1.3 hadi 1.7. B6 nyingi kwa miezi huharibu neva zilezile unazotaka kuzitibu. Soma lebo. Kama unatumia isoniazidi, B6 uliyoandikiwa ina sababu yake, usiiguse.

Usiache dawa yoyote kwa ghafla kwa sababu umesoma jina lake hapa. Gabapentini, pregabalini na duloksetini, ambazo ni dawa za maumivu ya neva, zote hupunguzwa polepole, kwa wiki moja au mbili angalau.

Dawa za maumivu ya neva zenyewe zina pande mbili. Amitriptilini huanza kwa miligramu 10 usiku na kupandishwa taratibu. Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukiamka na uzito kichwani, isogeze mapema zaidi jioni. Hukausha kinywa, na wazee, wenye glakoma (presha ya macho), shida ya mkojo au ya mapigo ya moyo haiwafai kirahisi. Gabapentini dozi yake hutegemea figo, na kuichanganya na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini kunaweza kupunguza pumzi. Duloksetini, na mara chache amitriptilini, huweza kuleta mvumo zenyewe. Ndiyo maana tarehe ya kuanza dawa mpya, au ya kubadili dozi, inafaa iandikwe. Mvumo ulioanza wiki hiyohiyo una mshukiwa.

Na tusidanganyane: dawa hizi hutuliza neva za miguu kwa baadhi ya watu, lakini hakuna kidonge kilichothibitika kuzima mvumo. Miongozo ya wataalamu haishauri gabapentini, dawa za sonona, ginko, zinki wala melatonini kwa ajili ya mvumo peke yake. Kinachopendekezwa ni kisaidizi cha kusikia ikiwa usikivu umepungua, na tiba ya kisaikolojia inayofundisha ubongo kuacha kuupigia mvumo kengele ya hatari. Hiyo ya pili watu huikataa wakidhani wanaitwa vichaa, na hukosa tiba yenye ushahidi bora kuliko zote.

Vidole vyenye ganzi, sikio lenye maumivu

Vijiti vya pamba ni vibaya kwa kila mtu. Kwa mwenye ganzi vidoleni ni vibaya mara mbili, kwani hahisi kijiti kimefika wapi mpaka kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio, kitobolewe.

Nta ikiziba, na ukiwa na hakika kiwambo hakijatoboka, hakuna usaha wala hukuwahi kuwekewa mrija sikioni, tumia mafuta ya zeituni: matone mawili au matatu, mara mbili hadi nne kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Lala upande, sikio likiwa juu, ukae dakika tano hadi kumi. Matone baridi huchochea kiungo cha usawa kilicho ndani na chumba chote huzunguka, kwa hiyo chupa ipate joto la mwili kwanza. Hapo ndipo vidole vyenye ganzi hukosea. Iweke mfukoni kwa nusu saa; usiichovye kwenye maji ya moto ukipima kwa vidole. Kuhesabu matone mwachie mtu mwingine ikiwezekana. Sikio kuziba zaidi siku ya kwanza au ya pili ni kawaida, nta inavimba.

Kitambaa chenye joto kwenye taya au shingo kinasaidia, dakika 10 hadi 15. Pima joto kwa kiwiko, au kwa mdomo wa juu, au mwombe mwenye ngozi inayohisi. Miguu yenye ganzi isipashwe kwa chupa ya maji ya moto hata kidogo: inaungua bila kusema.

Ukichagua kisaidizi cha kusikia, kile cha kuchaji kwenye kikasha kinafaa zaidi kuliko chenye betri ndogo ya kubadilisha, ambayo vidole vya ganzi huidondosha kila wiki.

Usiku

Kimya hukuza mvumo, na miguu hupiga kelele zaidi baada ya saa tatu usiku. Weka sauti ndogo chumbani: feni, mvua iliyorekodiwa, mawimbi. Iwe chini kidogo ya mvumo, kiasi kwamba unavisikia vyote viwili. Wanaofunika mvumo kabisa hulipa baadaye, sauti ikizimwa unaonekana umekua. Usiweke kipima muda cha nusu saa, kwa maana ukiamka saa tisa usiku utakutana na kimya peke yake. Iache hadi asubuhi, kwenye spika ya pembeni, bila vipokea sauti vya kuziba sikio.

Shuka likiwasha miguu, weka boksi lililo wazi pande mbili chini ya blanketi mahali pa miguu, ili nguo isiguse vidole.

Mchana, vizibo vya masikio ni vya mahali penye kelele kweli, kuanzia desibeli 85. Ukivivaa nyumbani kwa kuogopa vyombo kugongana, sikio huongeza usikivu wake na baada ya wiki kadhaa hata kijiko kinauma.

Kuanguka

Mwili hujisimamisha kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo. Nyayo zimekwisha kufa ganzi. Sikio likitetereka, umebaki na macho, na taa ikizimwa huna kitu. Hapo ndipo watu huvunjika nyonga wakienda chooni.

Taa ndogo ziwe karibu na sakafu kati ya kitanda na choo. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, hasa kama unatumia amitriptilini. Oga ukiwa umekaa, maana kunawa uso ni kufumba macho. Viatu viwe na soli nyembamba ngumu na kisigino kilichoshikwa, ndala zinaachwa. Kwa mazoezi, simama mbele ya meza nzito, kiti nyuma yako, miguu pamoja kwa sekunde 30, mara tatu, kila siku. Ukimudu, weka kisigino kimoja mbele ya vidole vya mguu mwingine. Usifumbe macho ukiwa peke yako.

Unapokwenda kliniki

Beba daftari la wiki mbili: saa, kiwango cha mvumo na cha maumivu kwa alama 0 hadi 10, dawa, usingizi, na sukari au shinikizo la damu kama unavipima. Andika sikio lipi, maana "masikio yanauma" na "sikio la kushoto linauma" ni magonjwa tofauti mbele ya daktari. Kama mvumo umekufikisha mahali pa kutotaka kuishi, hilo lisemwe kwanza, kabla ya mengine yote.

Omba kipimo cha usikivu, cha mwendo wa kiwambo, sukari ya miezi mitatu, B12, tezi ya shingo na figo. Daktari wa neva hutumia uma wa sauti, yaani chuma chenye umbo la uma kinachotetema kikigongwa, wa hezi 128 kupima mtetemo kwenye kidole gumba cha mguu. Wa masikio hutumia ule wa hezi 512. Mara nyingi ni vyumba viwili, siku mbili, na faili mbili zisizokutana. Chukua nakala ya majibu ya chumba kimoja uyapeleke mwenyewe kwenye kingine.