Kabla hujafungua chupa ya dawa, piga kwanza hesabu ya kilichomo

Wengi wetu tukiingia shambani kupiga dawa tunajifunga kila kitu, glavu, miwani, buti, ila wakati wa kuchanganya tuko mikono mitupu, eti kazi bado haijaanza. Kumbe pale ndo pabaya zaidi. Tuseme dawa yako inataka mls 20 kwenye bomba la kupulizia la lita 20, hiyo ni sehemu moja ya dawa kwa elfu moja. Sasa chupa ikikuponyoka, dawa ambayo haijaguswa na maji ikakumwagikia pajani kijiko kimoja tu cha chai, yaani mls 5, umejimwagia sumu ile ile iliyoko kwenye lita 5 za dawa iliyochanganywa. Robo ya bomba hiyo! Mtu akilowa robo ya bomba anakimbia kuoga, lakini kijiko anajifuta na shati anaendelea.

Na uiangalie inavyoingia majini. Kama kwenye chupa ilikuwa angavu na ikigusa maji inageuka nyeupe kama maziwa, mara nyingi ujue imeyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya mafuta, na hivyo vinapenya ngozi kirahisi kuliko maji. Kinena na kwapa zinapitisha zaidi kuliko kiganja, kwahiyo suruali ikilowa ivue hapo hapo, usingoje umalize mstari, maana kitambaa kinaendelea kuilisha ngozi. Kisha oga kwa maji mengi na sabuni, maji peke yake yanateleza juu ya mafuta.

Jambo lingine ni kitu kukutana na kitu. Weka mrututu (salfeti ya shaba) uliokorogwa kwenye ndoo ya bati uone, baada ya muda ndani panajipaka wekundu, hiyo ni shaba inatoka kwenye maji na bati lako linaliwa, tumia plastiki tu. Chokaa ambayo haijazimwa ukiitia maji inachemka yenyewe bila moto na kurusha matone, tone moja jichoni ni balaa, kwahiyo miwani. Chokaa hiyo hiyo ukiichanganya na mbolea ya salfeti ya amonia unasikia harufu inayochoma pua kama mkojo uliolala, ile ni amonia, inakuumiza mapafu na naitrojeni uliyoinunua ndo inapaa hivyo. Wenye ng'ombe wa maziwa nao, dawa ya klorini ya kuoshea vyombo isikutane kabisa na ile asidi ya kutolea ukoko wa maziwa, zikikutana inatoka gesi ya klorini, suuza kwanza moja ndo ulete nyingine.

Ila kinachonitisha mimi kuliko vyote ni vile vidonge vya fosfaidi vya kuhifadhia nafaka, kwa sababu vinaonekana vipole. Kidonge chenyewe siyo kinachoua wadudu, kinasubiri unyevu, hata ule wa hewani tu, ndo kitoe gesi ya fosfini. Ndo maana kopo likishafunguliwa saa zinaanza kuhesabika, na ndo maana vikimwagika hutakiwi kabisa kumwagia maji, gesi itatoka kwa mkupuo na inaweza hata kuwaka yenyewe. Watu wanasema "nitasikia harufu", hapana, wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu na wakati mwingine hunusi kitu na bado ipo. Ni nzito kidogo kuliko hewa, inapita kwenye nyufa za ukuta na chini ya mlango, na dawa maalum ya kuizima ikishaingia mwilini hakuna. Kwahiyo gunia lenye vidonge halilali nyumba moja na watu, hata kama chumba ni kingine, hata kama umelifunga na nailoni. Na mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika au kubanwa kifua karibu na ghala, mpelekeni kwenye hewa safi mumkimbize hospitali na lebo ya kopo mkononi, msimnyweshe maziwa kwanza.