Unataka kukarabati nyumba Mji Mkongwe? Anza hivi

Kwanza usilete fundi na nyundo siku ya kwanza jamani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, so ramani yako ipeleke kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, kibali kikitoka ndo uguse ukuta.

Halafu saruji, hapa watu wengi wanaharibu. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa, sasa ukizipiga plasta ya saruji unyevu unabaki ndani, rangi inavimba, plasta inabanduka vipande vipande na boriti za dari zinaanza kuoza kule ncha zilipoingia ukutani, we unadhani ni mchwa kumbe ni saruji yako mwenyewe. Tumia chokaa, inachelewa kukauka lakini ndo yake.

Na baraza ya nje usiivunje upate parking, vichochoro vyenyewe gari haipiti! Wazee wanakunywa kahawa pale kila jioni, kaa nao, waulize maji ya mvua yalikuwa yanatokea wapi, na kama kuna wapangaji ongea nao kabla hujaanza kubomoa.