Mshahara Unapokatika: Namna ya Kuitunza Dekonti

Mfanyakazi wa Lubumbashi anapostaafu au kuachishwa kazi, hupokea malipo ya mwisho tunayoyaita dekonti, na mara nyingi hizo ndizo fedha nyingi kuliko zote alizowahi kuzishika kwa siku moja. Kabla hamjazungumzia teksi wala duka, kaeni mume na mke mjue dekonti hiyo ni miezi mingapi ya maisha.

Andikeni kwenye daftari matumizi ya mwezi mzima: unga wa bukari (ugali), makaa, umeme, maji, nauli, karo, na michango ya misiba, ambayo husahaulika kwa sababu haina tarehe. Kisha ongezeni yale yote ambayo kampuni ilikuwa ikiwalipia, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Familia za kambi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, zilizoea kwa miaka mingi kupata nyumba, shule, matibabu na posho ya unga kutoka kwa kampuni. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa hiari kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, aliyepiga hesabu ya mshahara peke yake aliacha nje dawa na karo.

Tuseme dekonti ni dola 6,000 na nyumba yenu inatumia dola 400 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 15, basi. Tengeni kwanza dola 2,400 za miezi 6, pamoja na karo ya mwaka, na fungu hilo lisiguswe na biashara yoyote, hata ile ya shemeji. Biashara ianze kwa mtaji mdogo, katika kazi ambayo mmoja wenu anaijua tayari. Mama aliyeuza mafuta sokoni miaka mingi anaielewa faida kuliko baba anayenunua gari bila kujua bei ya vipuri vyake.

Akiba ikae kwa dola, na mbadilishe kuwa faranga kiasi cha wiki moja tu. Mnapopokea fedha dirishani, geuzeni kila noti, kwa maana iliyochanika pembeni hata kidogo mwenye duka ataikataa.

Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, msiiache, ila mpunguze mchango kabla ya mzunguko mpya kuanza, kwa kuwa anayejitoa katikati huwaharibia wenzake. Ndugu nao watakuja: patanieni mapema kiasi cha kuwasaidia, ili anayekataliwa na baba asikubaliwe na mama.

Mwisho, kabla ya kurudisha kitambulisho cha kazi, dai cheti cha kazi na uhakikishe katika CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, kwamba miaka yako yote ilitangazwa na jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kadi ya mpigakura. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi wakati ofisi ya wafanyakazi bado inakufahamu kwa sura.