Jinsi ya kukagua gereza la wanaume bila kutembezwa

Mara yangu ya kwanza kuingia gerezani kama mkaguzi huru nilitoka nimeridhika. Sakafu zilikuwa zimepigwa deki, wafungwa wamesimama mistari miwili, na kila niliyemuuliza alijibu kwamba hawana shida, afande anawajali. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba siku ile sikukagua kitu. Nilitembezwa. Njia niliyopita aliichagua mwenyeji, milango iliyofunguliwa aliichagua mwenyeji, na wale wafungwa watatu niliokutana nao "kwa bahati" kwenye korido, nao walichaguliwa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kazi hii. Karibu kila hatua inarudi kwenye swali lilelile: nani amechagua?

Hatua ya 1: Jua nguvu zako kabla ya kufika langoni

Soma sheria inayokuruhusu kuingia, neno kwa neno, na ubebe nakala yake pamoja na kitambulisho. Askari wa zamu langoni huenda hajawahi kuiona, na si kosa lake. Kama nchi imeridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji, iliyopitishwa 2002 na kuanza kutumika 2006, inapaswa kuwa na chombo cha kitaifa chenye haki ya kufika popote watu wanapozuiliwa. Kama haijaridhia, bado zipo Kanuni za Nelson Mandela, yaani zile kanuni za mwaka 1955 zilivyofanyiwa marekebisho na kupitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Ziko 122. Anza na ya 83 hadi ya 85.

Kanuni ya 84 ndiyo ya kuibeba kichwani. Mkaguzi wa nje achague mwenyewe gereza la kutembelea, aweze kufika bila kutoa taarifa, achague mfungwa wa kuzungumza naye, wazungumze faragha, na aone idadi za wafungwa na kumbukumbu zinazohusu namna wanavyotendewa. Kanuni hizi si mkataba, hazina meno ya mahakama. Hata hivyo, sijakutana na wakuu wa magereza wengi wanaofurahia kuandikwa kwenye ripoti kwamba walizikataa.

Kisha tafuta ripoti ya ukaguzi uliopita na uorodheshe kila kitu kilichoahidiwa. Hiyo ndiyo orodha yako ya kwanza ya maswali.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Usiende Jumanne saa nne asubuhi. Kila mgeni huenda Jumanne saa nne asubuhi. Nenda Jumapili, askari wanapokuwa wachache. Nenda alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, usikie harufu ya usiku, uone ndoo za haja na uone nani anatoka akichechemea. Nenda jioni wakati wa kuhesabiwa na kufungiwa. Na walau mara moja kwa mwaka nenda usiku wa manane.

Muwe wawili au zaidi. Mkipata daktari au muuguzi katika timu, nusu ya kazi imefanyika. Gereza kubwa halimalizwi kwa siku moja, kwa hiyo chagua sehemu chache na uzichimbe.

Jambo dogo lenye uzito: usiingize wala kutoa kitu, hata barua ya kurasa mbili ambayo mtu anakuomba kwa machozi umpelekee mama yake. Mwelekeze njia halali. Siku utakayokamatwa na barua hiyo, lango litafungwa kwako na kwa watakaokufuata.

Hatua ya 3: Ofisini, dakika 20 tu

Msalimie mkuu wa gereza kwa heshima, eleza ulichokuja kufanya, halafu uliza namba. Leo mna watu wangapi, na nafasi ni ngapi? Mahabusu ni wangapi? Nani yuko selo za adhabu? Wangapi wamefariki tangu ukaguzi uliopita? Zamu ya usiku ina askari wangapi? Andika majibu na saa uliyopewa. Usibishane hata ukihisi namba zimepikwa, maana utazikuta tena kwenye daftari.

Ukipata nafasi, zungumza na askari wa kawaida pia. Askari aliyeunganisha zamu mbili ni hatari kwa mfungwa na kwa nafsi yake, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu paa linalovuja.

Hatua ya 4: Anzia mwisho

Ukiachwa uongozwe, utapelekwa maktaba, kisha karakana, kisha jikoni, na muda utakwisha. Geuza. Anzia selo za adhabu, nenda kwa waliofika wiki hii, kisha wagonjwa, ndipo mabweni.

Kwenye selo za adhabu, hesabu siku. Kanuni ya 44 inasema kifungo cha upweke ni saa 22 au zaidi kwa siku bila mtu kuwa na maingiliano ya maana na wenzake, na kikizidi siku 15 mfululizo ni cha muda mrefu, jambo ambalo Kanuni ya 43 inalikataza kabisa. Ujanja wa kawaida ni kumtoa mtu siku ya 15 na kumrudisha siku ya 16. Daftari litaonyesha vifungo viwili vifupi. Yeye atakuambia amekaa mwezi. Angalia mwanga, maji, godoro, na kama mhudumu wa afya hupita kila siku.

Kwenye mabweni, pima. Kamati ya Ulaya ya Kuzuia Utesaji hutumia kiwango cha chini cha mita za mraba 6 kwa selo ya mtu mmoja, na 4 kwa kila mtu katika selo ya pamoja, choo kikiwa hakihesabiwi. Namba hizo ni nzuri kwa ripoti, ila kuna njia niipendayo zaidi. Bweni moja niliambiwa kwamba nafasi inatosha. Nikawaomba waliokuwemo walale kama wanavyolala usiku. Walicheka, wakalala ubavu kwa ubavu, vichwa huku na miguu kule, mpaka sakafu ikaisha. Watu wanne walibaki wamesimama. Askari aliyekuwa nami hakusema neno, nami sikuwa na swali la kumuuliza.

Mengine ni ya haraka. Fungua bomba. Simama mbali kidogo na dirisha ujaribu kusoma bila taa. Uliza muda wa kukaa nje, ambao Kanuni ya 23 inataka usipungue saa moja kwa siku. Bonyeza kengele ya dharura na utazame saa yako hadi mtu afike. Niliwahi kuona kengele ambayo nyaya zake ziliishia ukutani.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo unapoweza kumuumiza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwita kijana mmoja pembeni kwa sababu alikuwa na jicho lililovimba. Tulizungumza dakika 40 na wote wakituona. Niliporudi nilielezwa kwamba usiku uleule alihojiwa, vitu vyake vikapekuliwa na kumwagwa, na wenzake wakaanza kumwita kachero. Yeye hakuwa ameniambia lolote la maana. Tangu hapo siiti mtu mmoja. Nachukua orodha ya bweni, nachagua kila jina la tano, naita watu 10 au 15, na kila mmoja nakaa naye muda unaokaribiana na wa mwenzake. Yule mwenye jicho anakuwa katikati ya wengine na hakuna anayejua nani kasema nini.

Kaeni mahali askari anaweza kuwaona lakini hawezi kuwasikia. Jitambulishe kwa maneno mepesi, na useme mapema usichoweza: wewe si wakili, huwezi kupunguza kifungo, huwezi kumhamisha mtu. Mwishoni uliza: nitumie ulichosema kwa jina lako, bila jina, au nisikitumie kabisa? Heshimu jibu, hata kama ndilo ushahidi bora ulioupata mwaka mzima.

Katika gereza la wanaume utasikia mara nyingi kwamba mtu aliteleza bafuni. Wanaume wana aibu yao kuhusu kupigwa, na aibu kubwa zaidi kuhusu kuingiliwa. Ukiuliza moja kwa moja, na mbele ya watu, umefunga mlango. Anza na siku yake ilivyo, kuamka hadi kulala. Uliza chakula kikipungua kinapungulia kwa nani. Uliza akiumwa usiku anamwita nani. Halafu swali ambalo limenipa zaidi ya maswali mengine yote: "Ni sehemu gani ya gereza hili usingependa kwenda peke yako?" Ukipata jibu hilo kwa watu 15, una ramani. Mara nyingi ni mahali pamoja ambapo kamera haifiki, au zamu ya afande mmoja.

Akikueleza kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono, usidadisi undani. Muulize kama anahitaji daktari, na anaogopa nini akirudi ndani. Majeraha usiyachunguze wewe kama hujasomea. Daktari anao mwongozo wake, Itifaki ya Istanbul ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho 2022, na picha ya simu ya mkaguzi haiwezi kuwa badala yake.

Watafute wapya. Siku za mwanzo kizuizini ndizo zenye hatari kubwa ya mtu kujiua, na ndizo ambazo mtu bado hajajua amwambie nani. Muulize alivyopokelewa, kama aliruhusiwa kuwapa nyumbani taarifa, kama alionwa na mhudumu wa afya, na usiku wa kwanza alilala karibu na nani.

Kuhusu nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake: atajitokeza awe msemaji wa bweni zima. Msikilize, ila peke yake na mwishoni. Kanuni ya 40 hairuhusu mfungwa kupewa kazi ya kuwaadhibu wenzake, kwa hiyo chunguza nani hugawa mahali pa kulala, na kama mahali hapo panauzwa. Usimchukulie kama adui. Wengi wao wanaogopa askari kuliko wanavyoogopwa na bweni.

Hatua ya 6: Daftari zisomwe kwa pamoja

Daftari moja halisemi kitu. Weka matatu mezani: la matumizi ya nguvu, la zahanati na la adhabu. Chagua tarehe kumi na uzifuate. Mtu aliyeshonwa kichwa Jumatatu anapaswa kuonekana mahali zaidi ya pamoja. Akiwepo zahanati tu, una swali. Angalia pia mwandiko. Wiki nzima ya ukaguzi wa usiku iliyoandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, saa zote zikiwa kamili, iliandikwa asubuhi moja.

Kwa vifo, usiridhike na "maradhi". Uliza aliripoti lini kwamba anaumwa, alionwa lini, gari liliitwa saa ngapi. Kanuni ya 71 inataka kifo kizuizini kiripotiwe kwa mamlaka huru ya uchunguzi. Omba kuona ripoti hiyo ilipokelewa na nani.

Usisahau tarehe za kuachiwa. Mwaka 1773 John Howard, akiwa afisa wa serikali huko Bedfordshire, Uingereza, alikuta watu walioachiwa na mahakama bado wamefungwa kwa sababu hawakuweza kumlipa mlinzi wa gereza ada yake. Kutokana na hilo akaanza kuzunguka magereza mengine kuyakagua. Karatasi iliyopotea kati ya mahakama na gereza inafanya kazi ileile leo.

Hatua ya 7: Moto na funguo

Wakaguzi wengi huruka hapa kwa sababu hakuna anayelalamikia moto ambao haujatokea. Februari 2012 gereza la Comayagua, Honduras, liliungua usiku na zaidi ya watu 350 walikufa, wengi wakiwa wamefungiwa. Kwa hiyo uliza: usiku funguo za kila bweni anazo nani, na yuko umbali gani? Usikubali maelezo. Omba mlango mmoja ufunguliwe, na upime muda tangu agizo hadi mlango kuachia. Zidisha kwa idadi ya milango na uiandike namba hiyo kwenye ripoti.

Hatua ya 8: Kabla hujatoka, na baada

Jambo linalohatarisha uhai halisubiri ripoti. Mwambie mkuu wa gereza siku hiyohiyo, kwa njia isiyomtambulisha aliyekuambia, na andika saa uliyomwambia.

Ripoti iwe fupi. "Huduma za afya ziboreshwe" ni pendekezo lisilomsumbua mtu. "Mkuu wa gereza ahakikishe kila anayepokelewa anaonwa na mhudumu wa afya ndani ya saa 24, na daftari la mapokezi lionyeshe saa, kuanzia mwezi ujao" linaweza kukaguliwa. Andika na yaliyo mazuri, kama yapo. Askari anayefanya kazi vizuri katika mazingira mabaya anastahili kuonekana. Kanuni ya 85 inataka mamlaka ziseme, ndani ya muda unaofaa, kama zitatekeleza mapendekezo au la. Pitia rasimu mara ya mwisho ukitafuta kitu kimoja tu: je, kuna sentensi ambayo mtu wa ndani akiisoma atajua nani aliisema? Ifute.

Hatua ya 9: Rudi

Rudi baada ya wiki chache, bila kuaga, na usianze na maji wala magodoro. Beba orodha ya wale 15. Omba kuwaona wote. Asiyekuwepo, uliza alihamishwa lini na kwa agizo la nani, kisha omba agizo lenyewe na usome tarehe yake.