Mwulize leo ameanza na nini

Nafundisha kidato cha pili hapa Dodoma. Zamani nikiwatuma wanafunzi wamhoji mtu kuhusu kazi yake, walirudi na mstari mmoja: "Ni mfanyabiashara." Sasa nawapa swali moja tu: "Leo tangu ufike kazini, umeanza na nini, halafu ukafanya nini?" Swali hilo halijibiki kwa kutaja cheo, kwa hiyo mtu anaeleza shughuli zenyewe. Binti mmoja alimhoji mama muuza zabibu soko la Majengo akaja na ukurasa mzima: kuchambua zilizopasuka, kupima kwenye mizani, kuandika wanaodaiwa kwenye daftari, kumpigia mkulima wa Hombolo kuulizia mzigo wa kesho. Tulipigia mstari kila kitenzi, na vitenzi hivyo ndivyo tunavyojifunzia kuandika barua ya kuomba kazi: "naweza kutunza hesabu za wateja", si "mimi ni mchapakazi". Swali linakwama bosi akiwa amesimama pembeni, au asubuhi mizigo ikishushwa. Waende saa nane mchana, soko likiwa limetulia. Kwa mkulima wa mtama, ulizeni msimu mzima, maana siku moja ya kiangazi haisemi kitu.